Kifua hakikamuliwi

Dozi ya TB ni miezi 6: miwili ya mwanzo dawa nne zilizochanganywa kwenye kidonge, minne iliyobaki dawa mbili. Niliimaliza, makohozi yakapimwa, hayakuwa na vimelea, kadi yangu ikafungwa. Kikohozi kikabaki. Alfajiri nilikuwa naamka kifua kinakoroma, nakohoa mpaka mbavu zinauma na machozi yananitoka, na baada ya shughuli yote hiyo kinachotoka ni tone zito linalonata ulimini. Nikishakaa kwenye cherehani, jua halijapanda vizuri, mzigo uleule uko kooni tena.

Mimi ni fundi wa nguo za kike, Moshi, nashonea barazani. Kikohozi changu kilikuwa cha mtaa mzima. Mteja analeta kitenge, ananisikia, anakumbuka ghafla kwamba ana safari. Huku kwetu mtu akikohoa mno wenye utani mbaya husema mpelekeni Kibong'oto, ile hospitali ya Siha inayotibu kifua kikuu tangu mwaka 1926. Nimesikia maneno hayo nyuma ya mgongo wangu huku nikipima kiuno cha mtu.

Zahanati niliyokuwa naenda walitaka kunianzishia dozi upya kwa sababu ya picha ya kifua peke yake. Hapa naomba wenzangu tuliowahi kuumwa TB tusikilizane vizuri. Kifua kilichowahi kuugua mara nyingi hubaki na makovu, na makovu hayo yataonekana kwenye kila picha utakayopigwa. Hata kile kipimo cha GeneXpert, cha mashine inayotafuta vinasaba vya TB kwenye makohozi, kinaweza kunasa mabaki ya vimelea vilivyokwisha kufa. Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake ataagiza makohozi yaoteshwe maabara, waone kama kuna kilicho hai, na atasubiri hizo wiki. Yangu yalioteshwa. Hakikuota kitu. Nikapewa rufaa, nikafanyiwa CT skani, na hapo ndipo nilipoambiwa jina la kinachonisumbua: bronkiektasisi.

Daktari alinionyesha kwenye kompyuta. Upande wa kulia, chini, mirija ya hewa iliyotakiwa kuwa myembamba kadiri inavyoshuka ilikuwa imetanuka na kuta zake zimekuwa nene. TB imekwisha, alisema, uharibifu wake umebaki. Kwenye mirija ya mtu mzima wa afya kuna vinyweleo vidogo sana visivyopumzika, vinasukuma ute kwenda juu mpaka kooni, na sisi tunaumeza pasipo kujua. Palipoharibika vinyweleo havifanyi kazi. Ute unalala, vijidudu vinazaliana humo, vinazidi kula ukuta wa mrija, na ute unazidi kujaa. Dawa ya kuirudisha mirija ilivyokuwa haipo. Kazi iliyobaki ni kuyatoa makohozi kila siku, kabla hayajakaa sana, maisha yote. Nilipouliza nitayatoaje akanielekeza chumba cha fiziotherapia, mahali nilipodhani ni kwa ajili ya watu waliovunjika miguu.

Nilimkuta kijana wa umri wa mwanangu wa pili. Akaniamkia, akanivutia kiti, akaniambia, “Mama, hebu nikoholee kama unavyokohoa nyumbani.” Nikakohoa kwa nguvu zangu zote, nimeinama, nimeshika ukingo wa meza. Akasubiri nimalize, akanipa maji.

“Unakikamua kifua, mama. Kifua hakikamuliwi.”

Alichonieleza sikuwahi kukisikia katika muda wote niliougua. Mtu anapokohoa kwa nguvu nyingi, shinikizo la kifua linaibana ile mirija kwa nje. Mirija yenye afya inahimili. Mirija iliyolegea kama yangu inajifunga, na makohozi yanabaki nyuma ya mlango uliofungwa na mwenyewe anayetaka kuyatoa. Unakohoa tena, unafunga tena, mpaka unachoka. Akaniuliza kopo la maziwa ya chai huwa nalitoboa matundu mangapi. Mawili. Kwa nini? La kutolea maziwa na la kuingizia hewa. “Basi na makohozi hivyohivyo,” akasema. “Hewa ikifika nyuma yake, yatakuja yenyewe. Isipofika, utahangaika bure.”

Kazi yenyewe ina hatua tatu, na hakuna hata moja inayotaka nguvu. Kwanza unakaa wima, mabega umeyashusha, kiganja tumboni, unavuta pumzi ya kawaida kwa pua na kuitoa polepole, tumbo likipanda na kushuka. Hutafuti pumzi kubwa hapo, unatuliza tu. Wengi wanaona ni kupoteza muda na kuiruka. Mimi naona ndiyo inayoamua kama zoezi litafaa, maana mwenye wasiwasi hupumua kwa mabega, na kifua kilichobana hakitoi kitu.

Kisha unavuta pumzi ndefu, taratibu, kwa pua, mpaka mbavu zitanuke pande zote, unaishikilia kama sekunde 3, unaiachia bila kuisukuma. Mara tatu au nne, basi, ukizidisha kichwa kitazunguka. Zile sekunde tatu za kushikilia ndizo tundu la pili la kopo. Vifuko vya hewa ndani ya pafu vina vijitundu na vijinjia vya pembeni vinavyounganisha kimoja na jirani yake, na ukiipa hewa muda inapita huko na kufika nyuma ya makohozi yaliyoziba mrija. Ukivuta na kutoa harakaharaka hewa inaishia kwenye mirija iliyo wazi tangu mwanzo.

Ndipo inakuja “haaa”. Kijana aliniambia nivue miwani, niipulizie kinywa kikiwa wazi mpaka vioo vipate ukungu. Nikaipulizia. “Sasa fanya hivyo kwa muda mrefu zaidi, tumbo likikaza kidogo.” Kinywa wazi, koo wazi, hakuna kubana midomo, hakuna sauti ya kukohoa. Makohozi yakiwa chini sana, unavuta pumzi ya wastani tu na kutoa haaa ndefu, karibu umalize hewa yote, ila usifike mahali kifua kinapoanza kupiga mluzi. Ukihisi yamepanda, unavuta pumzi kubwa na kutoa haaa fupi yenye msukumo. Haaa moja au mbili, halafu unarudi kwenye kutulia. Kikohozi kinaruhusiwa mwisho kabisa, yakiwa yamekwisha fika kooni, na hapo kimoja chepesi kinatosha.

Nilipotoka pale nilikuwa na mashaka, nisifiche. Nimezoea hospitali ya vidonge. Mtu kuniambia niende nyumbani nikapumue!

Kilichonigeuza ni kiganja changu mwenyewe. Kijana alikuwa ameniagiza niweke mkono ubavuni, upande ule mbovu, wakati wa haaa ndefu. Siku za mwanzo sikuhisi kitu. Halafu asubuhi moja nikahisi mtetemo mdogo chini ya vidole, karibu na mgongo. Nikatulia, nikavuta zile pumzi ndefu, nikarudia haaa, na mtetemo ukawa umesogea, sasa uko katikati ya kifua. Mara ya tatu ukawa chini ya koo. Nikakohoa mara moja tu na yakatoka mengi kuliko yale ya kukohoa asubuhi nzima, na mbavu haziumi. Tangu hapo sikuhitaji kushawishiwa. Ukisha kujua makohozi yako wapi unafanya kazi kwa akili. Unajua utumie pumzi ya wastani au kubwa, na unajua kama ni mapema mno kukohoa.

Baadaye nilisoma kwamba haaa hii si ya juzi. Iliandikwa na wataalamu wa New Zealand mwaka 1968 kwa ajili ya wagonjwa wa pumu, ikaja kuendelezwa kwenye hospitali ya Brompton, London. Wabelgiji nao wana njia yao ya aina hiyo, ya kucheza na pumzi ndogo, ya kati na kubwa, ambayo inadai uvumilivu zaidi na mwalimu wa karibu. Zaidi ya nusu karne, na sisi huku mtu anamaliza dozi, anaambiwa kwaheri, hakuna anayemfundisha kupumua! Linaniudhi kila nikilikumbuka. Zoezi hili halina gharama ya dawa, halina mashine, linataka mtu mmoja anayejua na kiti kimoja.

Mimi hulianza nikiwa nimelalia ubavu wa kushoto, mto mmoja chini ya nyonga, ili ule upande wa kulia uwe juu na makohozi yateremke kuelekea kwenye mrija mkubwa. Ulalo unategemea ugonjwa uko sehemu gani. Wengi ambao TB iliwaharibu sehemu ya juu ya pafu wanafaa kukaa wima tu. Kulala kichwa kikiwa chini, kama nilivyoona watu wakielekezana, kijana alinikataza kwa sababu nina kiungulia, na alisema siku hizi hawalipendi sana hata kwa wasio nacho. Nafanya alfajiri kabla ya chai, na jioni kabla ya chakula, kama dakika 20. Ukila kwanza utatapika. Naacha pale haaa mbili mfululizo zinapotoka kavu, hazina mkwaruzo. Wenye pumu, au kifua kinachopiga mluzi na wamepewa inhela ya kufungua njia za hewa, huivuta kabla ya zoezi.

Asubuhi nyingine yanakuwa mazito, hayasogei. Kwa siku hizo nina chupa. Kuna vifaa vya dukani vya kupulizia, lakini kijana alinionyesha namna ya kujitengenezea. Nilimwomba fundi ujenzi jirani yangu kipande cha ule mpira mweupe wanaotumia kupimia levo ya ukuta kwa maji, kipya, ambacho hakijapita kwenye saruji. Upana wake wa ndani unakaribia sentimita 1, na hilo lina maana yake: ukiwa mwembamba sana utapuliza kwa taabu, shinikizo litazidi. Chupa ni ya maji ya kunywa, ya lita moja na nusu. Nikashusha futi yangu shingoni, nikapima maji yafike sentimita 10 kutoka chini, yaani inchi nne kasoro unyuzi, nikatia alama kwa chaki ya kuchorea nguo, ikafutika, nikafunga uzi mwekundu badala yake. Mpira unaingia mpaka karibu na kitako cha chupa, na mdomo wa chupa usizibwe, hewa lazima ipate pa kutokea.

Unavuta pumzi kwa pua, unapuliza kwenye mpira taratibu, mashavu yasivimbe, maji yakichemka mapovu. Kina cha maji ndicho kinachokupa ukinzani. Ukinzani huo unaizuia mirija isijifunge wakati hewa inatoka, na mapovu yanatikisa kifua kidogokidogo. Pumzi kama kumi, kisha haaa, kisha kutulia, halafu unarudia. Kamwe usivute kupitia mpira, maji yataingia mapafuni. Maji nabadilisha kila siku, chupa na mpira naosha kwa sabuni na kuanika, chupa ikianza kuchoka inatupwa. Simpi mtu mwingine. Mjukuu wangu alipolilia naye apulize mapovu nilimpa mrija wa soda na kikombe chenye povu la sabuni, tukapuliza wote barazani, wapita njia wakitushangaa.

Watu watakushauri mengi. Mwaka 2020 nchi nzima ilijifukiza, nami nilijifukiza, mkaratusi na mchaichai ndani ya blanketi. Pua inafunguka, unajisikia vizuri, sina ugomvi na nyungu. Ila mvuke hauyatoi makohozi yaliyolala chini ya pafu, na maji ya moto karibu na watoto yana hatari yake. Dawa ya maji ya kukata kikohozi nimeiacha kabisa. Mwenye makohozi mengi akikizima kikohozi amejifungia mzigo ndani. Wakaniambia niache maziwa, ati yanaongeza makohozi. Daktari akasema yanafanya mate yawe mazito mdomoni kwa muda, kifuani hayaongezi kitu, na mimi mwili ulikuwa umeisha, nahitaji kula. Basi mtori wangu uko palepale na maziwa mgando yapo. Maji ya kunywa nayazingatia, maana nikiyasahau makohozi yanakuwa gundi kesho yake. Na kuni nimeacha. Hilo lilinigharimu fedha, lakini moshi ulikuwa unanirudisha nyuma kila jioni.

Jambo ambalo wanawake hatulisemi ni kutema. Tumelelewa kwamba mwanamke hatemi, kwa hiyo tunameza. Kumeza hakutakuua. Hasara yake ni kwamba huoni rangi. Mimi natemea kwenye kikopo chenye mfuniko, naangalia, namwaga chooni, naosha. Yangu ya kila siku ni meupe yenye umanjano kidogo. Yakiwa kijani kizito, yakiongezeka, yakinuka, au nikianza homa na kuchoka, najua vijidudu vimepata nguvu na ni wakati wa kwenda kupimwa. Nabeba sampuli kabla sijameza kidonge chochote, ili wakiotesha wajue dawa gani inafaa. Nikipewa antibiotiki za wiki mbili nazimaliza zote, hata kama siku ya tano nimepata nafuu. Kununua kapsuli chache za kuokoteza duka la dawa ni kuwafundisha wadudu ukaidi.

Kanisani napo nimepata ujanja. Kikohozi kikitekenya katikati ya mahubiri, nafunga mdomo, nameza mate, navuta pumzi fupi ndogo kwa pua na kuitoa polepole, mara kadhaa, mpaka mtekenyo upite. Haufai kila wakati. Unafaa zaidi Jumapili ambayo nimefanya zoezi vizuri kabla ya kutoka, maana kinachotekenya kimepungua. Kwenye Hiace bado watu wanafungua madirisha nikikohoa, nami siku hizi nawaambia asante, hewa ni nzuri kwa wote.

Damu ni habari nyingine. Michirizi midogo ikitokea nasimamisha chupa na haaa zote, nakwenda kuonana na daktari. Ikiwa ni nyingi, ya kujaza kijiko na zaidi, ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Vilevile maumivu makali ya ghafla ya upande mmoja na pumzi kukata: usipulize kitu, pafu linaweza kuwa limepata tundu.

Nayasema haya kwa sababu watu wameanza kunijia wakidhani nina dawa. Mmoja ni mwanaapolo, amechimba Mirerani miaka mingi, amekula vumbi la mawe chini ya ardhi. Alileta suruali nimpunguzie kiuno. Nilipompima mwezi uliotangulia alikuwa mtu mwingine, sasa inchi tatu zimeondoka. Akasikia mapovu yangu ndani, akaomba nimfundishe. Nikamuuliza makohozi yake yana rangi gani. Akakaa kimya, halafu akanionyesha leso.

“Baba, mpira wangu huugusi,” nikamwambia. “Nenda kapime kwanza.” Akasema anaogopa wataanza kumwambia mambo ya Kibong'oto. Nikamwambia mimi nimeshaambiwa hayo na bado nashona. Suruali niliishikilia, nikamwambia ataichukua akileta majibu. Alikwenda. Ilikuwa TB, hai, na vumbi limekaa kwenye mapafu pia. Ameanza dawa. Anapita barazani jioni na barakoa yake, anaketi upande upepo unapoelekea, na anauliza lini atapuliza mapovu. Namjibu akamuulize daktari wake, leso ikiwa nyeupe.